Amekimbia kukeketwa na yuko salama. Mbona bado anaumwa?

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, shule zimeshafunguliwa. Niliitwa kwenye nyumba moja huku kwetu Mara inayohifadhi mabinti waliokimbia kukeketwa, nikaangalie watoto waliokuwa wakilalamika kuumwa. Walezi walikuwa wamewakalisha kwenye mabenchi chini ya mwembe, kumi na tisa kwa hesabu yangu. Wa kwanza kichwa. Wa pili kichwa na tumbo. Wa tatu alisema moyo unamwenda mbio usiku, akiamka shuka limelowa jasho. Nilipofika wa kumi na moja nilikuwa nimemaliza nusu ya boksi la vipimo vya haraka vya malaria, na aliyekutwa na vimelea alikuwa mmoja tu.

Binti wa miaka kama 13 hivi nilimwita pembeni.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Kichwa kimeanza lini?"

Akafikiri kidogo, macho chini. "Tangu wenzangu walipoanza kuja kuchukuliwa na wazazi wao."

Wiki hii nataka tuongee juu ya kichwa cha huyo binti. Desemba iko mlangoni, na kila inapofika tunahesabu mabinti waliookolewa, tunapiga picha, tunachangia mchele na magodoro, halafu tunaondoka. Kinachofuata hakiandikwi sana: wiki, miezi, na kwa wengine miaka ya kukaa wakisubiri kujua watakwenda wapi.

Kwa msomaji aliye mbali na Mara, nieleze kwa kifupi. Baadhi ya koo za Wakurya katika wilaya za Tarime na Serengeti bado zinakeketa mabinti, na msimu wake ni Desemba, watoto wakiwa likizo. Kwa desturi ilikuwa miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wakishatangaza. Siku hizi wapo wanaofanya kimyakimya mwaka wowote, hata kwa watoto wadogo zaidi, ili kukwepa macho ya Serikali. Wengine huvuka mpaka wa Sirari kwenda upande wa Kuria nchini Kenya, au wa huko huvuka kuja kwetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta wanawake 32 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Kwa nchi nzima ni 8. Kwa hiyo tumeshuka, ila polepole mno.

Binti anayekataa anajua atakachokutana nacho. Ataitwa msagane, yaani asiyekatwa, mtotoni, kisimani na hata shuleni. Ataambiwa ng'ombe wa mahari yake watakuwa wachache, kwamba amemwaibisha baba. Wengi wa niliowahudumia walikataa kwa sababu waliyafahamu madhara kupitia mwalimu, au kwa sababu imani yao ya Kikristo imewaambia mwili wao haukuumbwa kwa makosa, na wamefukuzwa nyumbani kwa kusimamia hilo. Wanaondoka usiku, miguu peku, wengine na mdogo wao mkononi. Wapo pia wanaopelekwa na mama zao kwa siri, mama akirudi nyumbani kujifanya hajui mtoto alikokwenda. Huyo mama nampigia saluti.

Wanakokimbilia ni kwenye nyumba salama, na nyingi zimezaliwa na makanisa. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, chini ya Kanisa Katoliki, kimekuwa kikipokea mabinti tangu 2008. Nyumba ya Mugumu wilayani Serengeti ilifunguliwa 2014 kwa juhudi za Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa mwenyewe akiwa msichana na kunusurika kufa kwa kutokwa damu, aliisimamia kabla ya kuanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo lina nyumba Mugumu na Butiama. Msimu ukiwa mkali, nyumba hizi hupokea mamia ya mabinti ndani ya wiki chache. Msimu ukiisha, maofisa ustawi wa jamii, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na walezi hukaa na wazazi, wazazi huandikishana kwamba hawatamkata mtoto, na wengi hurudi nyumbani. Wanaobaki ni wale ambao wazazi wao wamegoma, au hawakutokea kabisa.

Miaka ya nyuma, nikiwa daktari kijana, nilifanya kazi kwa muda kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo waliokimbia vita, wengi wao Wakristo kutoka Kivu Kusini. Nilikuta huko ugonjwa ambao chuo hakikunifundisha. Mtu amevuka Ziwa Tanganyika, risasi ziko nyuma yake, watoto wanakula, na ndiyo kwanza anaanza kuumwa. Waliokuwa wakisubiri kupelekwa Marekani au Kanada walikuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa wamekata tamaa ya kwenda. Wamehojiwa, wamepimwa afya, wameambiwa wasubiri kuitwa. Kila jina likibandikwa ubaoni na lao halipo, kesho yake foleni yangu inaongezeka: presha, vidonda vya tumbo, mgongo, kukosa usingizi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, niliwafikiria watu wale, na wahudumu wa zahanati walioamka asubuhi iliyofuata kuwapokea.

Nilichojifunza Nyarugusu ndicho nilichokikuta chini ya ule mwembe. Mwili uliokimbia hatari haujui kwamba umefika. Wakati wa hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kemikali za kuutayarisha mwili kukimbia au kupigana: moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi, usingizi unakuwa mwepesi. Hatari ikipita na mtu akajua imepita, kemikali hizo hushuka. Ila kama hajui kesho yake, hazishuki vizuri. Misuli ya shingo na kichwa iliyokaza wiki tatu itauma. Tumbo litasokota. Binti wa miaka 12 aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani ataanza tena, na ataficha shuka. Mwingine ataanguka na kupoteza fahamu mbele za watu, waanze kusema ana mapepo. Maumivu hayo ni ya kweli. Asiambiwe anajisingizia, wala asipigwe.

Hapa niseme neno kwa wahudumu wenzangu, maana na mimi nimefanya kosa hilo. Ni rahisi kumwandikia kila mtoto wa aina hii dawa ya malaria, ya taifodi na ya minyoo, akaondoka na mfuko umejaa. Pima kwanza. Kikiwa safi, mwambie hivyo kwa lugha anayoielewa: "Nimekupima, damu yako haina malaria. Kichwa kinauma kwa sababu umebeba mawazo mengi, na hilo linatibika." Nimeona sura za watoto zikibadilika kwa sentensi hiyo tu. Na tafadhali msiwape watoto dawa za usingizi ili bweni litulie. Joto kali na shingo kukakamaa, degedege, au binti kusema afadhali afe, hayo hayasubiri; ni hospitali siku hiyohiyo, na huyo wa mwisho asiachwe peke yake hata dakika moja.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni dawa zilizobaki nyumbani. Anayekimbia usiku habebi kadi ya kliniki. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ile tunayoiita sikoseli, ambao wanatumia vidonge vya foliki kila siku, na baadhi haidroksiyurea. Mtoto huyu akilala chini kwenye baridi ya usiku ya Tarime, hanywi maji ya kutosha kwa kuona aibu kuomba, na dawa zimekatika, baada ya siku chache mifupa itamuuma hadi alie. Mlezi asiyejua atadhani ni uchovu wa safari. (Na niseme hapohapo: mtoto mwenye selimundu damu yake tayari ni pungufu. Kumkeketa huyu ni kumweka mlango wa kaburi.) Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Mwenye pumu ameacha dawa yake ya kuvuta. Na wapo mabinti waliozaliwa na virusi vya ukimwi, wanaotumia ARV, ambao hawatasema mbele ya wenzao hata ukiwauliza mara kumi.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya maswali ya polisi na kabla ya jina kuandikwa kwenye daftari la wafadhili, kila binti akae faraghani na muuguzi au mlezi mmoja mwanamke, aulizwe taratibu: Una dawa unayokunywa kila siku? Una kliniki unayokwenda? Umewahi kulazwa? Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini? Kuna mtu aliyekulazimisha jambo njiani? Kama alibakwa ndani ya saa 72 zilizopita, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinafanya kazi, na kila saa ina thamani. Kama amefika akiwa ameshakatwa, ahitaji kwanza kuzuiwa damu kwa kitambaa safi na kufikishwa hospitali, achomwe kinga ya pepopunda, na wembe uliotumika kwa watoto wengi uhesabiwe kama hatari ya VVU na homa ya ini. Asipakwe majivu wala dawa ya majani. Akishindwa kukojoa, hiyo ni dharura.

Na kuna jambo linalonikera. Binti ambaye hajaguswa na kisu asivuliwe nguo "kuhakikisha." Nimewahi kuombwa kufanya hivyo, tena na mtu mwenye nia njema aliyetaka takwimu zake zikamilike. Nilikataa. Uchunguzi wa sehemu za siri unafanyika kwa sababu ya kitabibu au ya kisheria, binti akiwa ameelezwa na amekubali. Amekimbia kilomita kadhaa ili watu wasimguse, tusianze sisi.

Hali kadhalika wageni. Wanakuja na sukari, sabuni na taulo za kike, Mungu awabariki, taulo za kike ni kitu cha kwanza kuisha kwenye nyumba hizi. Lakini wakishashusha mizigo, wanaomba binti mmoja asimame atoe ushuhuda, na simu zinainuliwa. Juma lijalo kundi jingine, ushuhuda uleule. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linaeleza wazi kwamba aliyepata mshtuko asishinikizwe kusimulia yaliyompata. Msikilize akitaka kusema, kaa naye asipotaka. Mtoto anayelazimishwa kurudia usiku wake wa kukimbia mbele ya wageni, usiku huo anaukimbia upya. Na picha yake ikishafika kwenye simu za kijijini, hata mapatano na baba yake yamekuwa magumu.

Sasa nini kinasaidia? Ratiba, kwanza kabisa. Kuamka saa ileile, kufagia, kupika kwa zamu, masomo, mpira, kwaya, kulala saa ileile. Watu wazima wanaona ni mambo madogo. Kwa mwili uliozoea hofu, kujua kwamba baada ya chai kuna hesabu na baada ya hesabu kuna netiboli ni dawa. Kisha shule. Waliomaliza darasa la saba Septemba wanangoja kuanza kidato cha kwanza Januari, na wengi wanakaa nyumba salama wakiona tarehe inapita. Ofisa elimu anayeshughulikia uhamisho wa binti huyu wiki ya kwanza ya Januari amemtibu kichwa kuliko mimi.

Halafu tarehe. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Kwa kuogopa kumuumiza, tunamwambia binti "tutaona," "usijali," "Mungu ni mwema." Anayesubiri anahitaji kujua hatua inayofuata na siku yake: "Alhamisi ofisa ustawi anakwenda kijijini kwenu kuongea na baba. Ijumaa jioni nitakuja kukuambia alichosema, hata kama amekataa." Na Ijumaa jioni uende kweli. Nimeona mabinti wakipokea jibu la "baba amekataa," wakalia sana, kisha usiku ule wakalala usingizi ambao hawakuwa wamelala kwa mwezi mzima. Jibu baya wanaliweza. Kimya kinawala taratibu.

Mzazi mwenzangu wa Tarime na Serengeti, sijasahau kwamba na wewe unasoma. Najua uzito ulio juu yako. Jirani anakusema, wazee wanakuita, mama mkwe hataki kula chakula kilichopikwa na asiyekatwa. Sheria unaijua, au sasa uijue: kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichotokana na sheria ya 1998, kinamlenga mwenye malezi ya mtoto wa chini ya miaka 18, yaani wewe, na adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi Sh300,000, au vyote pamoja. Lakini mimi ni daktari wa wodi ya wazazi, nitakuambia ninachokiona. Kovu halitanuki. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, uliofuatilia wajawazito 28,393 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulikuta kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa ndivyo wanawake walivyotokwa damu zaidi baada ya kujifungua, walivyopasuliwa zaidi, na watoto wao walivyokufa zaidi. Mjukuu wako yumo kwenye hesabu hiyo.

Kama binti yako ameshakimbia na bado una hasira, sikuombi leo umpokee. Naomba mambo mawili tu. Peleka kadi yake ya kliniki na dawa zake kwa mtendaji wa kijiji, kwa mchungaji, katekista au kwenye Dawati la Jinsia, zimfikie. Na umtumie salamu. Hata kama ni "mama yako mzima, ng'ombe mweupe amezaa." Mtoto anayesubiri bila kusikia sauti ya nyumbani hujaza kimya hicho na mambo mabaya: mama amepigwa kwa ajili yangu, mdogo wangu amekatwa badala yangu. Wakati mwingine ni kweli, na hilo pia maofisa wanapaswa kulijua mapema. Mwenye taarifa ya mtoto aliye hatarini apige 116, ni bure.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu na waganga wakuu wa wilaya nina ombi moja. Tunayo huduma ya mkoba. Tunapakia chanjo kwenye pikipiki na kuzifikisha vijiji ambavyo hata barabara havina. Wiki ya mwisho ya Novemba, nyumba salama ziingizwe kwenye ratiba hiyo, na ziendelee kutembelewa kila wiki mbili hadi binti wa mwisho aondoke: muuguzi mmoja, ofisa ustawi mmoja, vipimo vya malaria, dawa za upele na mapunye, vidonge vya foliki, ARV za akiba, chanjo ya mlango wa kizazi kwa wenye miaka 9 hadi 14 ambao hawajapata. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki. Kusubiri mlezi akodi gari usiku na mtoto aliyezidiwa ni ghali zaidi.

Yule binti wa mwembeni nilimwona tena Februari. Ofisa ustawi alikuwa amekwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza baba hakutoka nje. Wiki moja baada ya safari ya pili, mlinzi alisema mzee mmoja alifika na baiskeli, akasimama getini muda mrefu, akakataa kuingia. Aliacha mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na sare ya shule, viatu, na kadi ya kliniki iliyochanika pembeni. Nilipomuuliza binti kuhusu kichwa, alisema bado kinauma kidogo, siku za Jumapili.